Sauti ya Kuomba Chumvi

Alikuwa na tabia ya kusimama kwenye kona ya jengo, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayenusa chakula kinachoungua jikoni kwa jirani. Ungemwona hivyo ungedhani amesahau alikokuwa anakwenda. Hakuwa amesahau. Alikuwa anasikiliza watoto wanavyoongea wakiamini hakuna mwalimu karibu. Shule nzima ilimwita Madam, na kwa kuwa walikuwepo akina Madam wengine, yeye aliongezewa kazi yake: Madam wa Malezi. Ndiye aliyepewa kuwasikiliza wanafunzi wenye shida. Jina lake nalijua, ila hata nilipokuwa jirani yake sikuwahi kulitumia, na siwezi kuanza leo.

Mimi si mtu wa shule. Niliacha kidato cha pili nikaanza kuzunguka. Nimekuwa utingo kwenye malori yanayosubiri kuvuka mpaka pale Tunduma, nimechuma kahawa Mbozi, nimefyatua matofali, nimejifunza useremala kwa kumwangalia mtu mwingine akifanya. Kila niliporudi Tunduma nilipanga chumba kile kile, mlango wa pili kutoka kwake, na yeye ndiye aliyekuwa ananitafutia vibarua shuleni: madawati yaliyolegea, milango isiyofunga, madirisha yasiyofunguka. Kwa hiyo nilimjua kwa miaka mingi, lakini kwa vipande vipande, jinsi mtu anavyoijua redio ya jirani.

Hakuwa malaika, na nisipolisema hilo mapema yeye mwenyewe angenicheka. Aliongea Kinyiha na kuku wake, na aliwafokea kwa maneno ambayo darasani angemtoa mtu nje. Akiona dereva wa bajaji anampita mtoto karibu sana, alimfuata hadi anakoegesha, akamtolea maneno yote machafu mbele ya abiria wake. Aliwakataza wanafunzi kucheka lafudhi ya mwenzao, akawa mkali kwa hilo. Lakini siku aliyonisikia nikimsalimia mfanyabiashara wa Kizambia, "Mulishani mukwai," kwa Kibemba changu cha mitaani, alishika ukuta akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Fundi," alisema, "yule baba amedhani unamwuzia kitu." Kwa wiki nzima kila tulipokutana alinisalimia kwa sauti ile ile.

Kanisani ndiko nilikoshangaa zaidi. Kulikuwa na mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mwenye kilemba kirefu, aliyemsukuma Madam mstari wa nyuma kabisa kwa sababu, alidai, sauti yake inawazidi wenzake. Madam alikwenda nyuma. Nilimuuliza siku moja tukiwa uani kwake, yeye akipukuchua mahindi.

"Madam, wewe si ndiye unayefundisha watoto kujibu?"

"Ndiyo."

"Na yule mama?"

Aliendelea kupukuchua. "Yule mama ananitisha, fundi. Unadhani nafundisha kwa sababu naweza? Nafundisha kwa sababu najua jinsi koo linavyoziba."

Lakini hakuanza kufundisha kwa sababu ya kwaya. Alianza kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe ni la watu wa huku. Mgeni asingelifanya.

Kwetu mtoto akimsalimia mkubwa, hasa kwa wale waliolelewa kwa adabu ya zamani, anachuchumaa, anakunja viganja kama anayekinga maji, anapiga makofi ya polepole. Sauti yake ni nzito, haipasui. Mkubwa naye anajibu kwa makofi au kwa neno, na mtoto anainuka. Wanyiha wanafanya, Wanamwanga wanafanya, na ukivuka mpaka utawakuta Wabemba nao wanafanya. Vijana wengi wa mjini wameacha, na wazee wanalalamika.

Sasa mwaka mmoja, jioni, Madam alipita karibu na tanki la maji la hosteli ya wasichana. Akawaona wasichana wa kidato cha kwanza wamechuchumaa kwa mstari, ndoo kando, wanawapigia makofi dada zao wa kidato cha tatu. Mbele ya mstari alisimama Enesia, msichana mrefu wa kutoka milimani, aliyekuwa kiranja wa maji. Madam alifurahi. Aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulijaa kabisa. Asubuhi iliyofuata, mstarini, shule yote imepangwa, alimwita Enesia mbele akamsifu kwa kuwafundisha wadogo zake mila za nyumbani, na shule ikampigia makofi.

Hakujua kilichokuwa kinaendelea pale kwenye tanki. Wadogo hawakuruhusiwa kuchota maji mpaka wachuchumae na kupiga makofi, na hawakuruhusiwa kuinuka mpaka Enesia aseme, "Tumepokea." Akipenda alisema mara moja. Asipopenda alichana nywele zake kwanza, akazungumza na wenzake, akacheka, na wadogo wako chini miguu inakufa ganzi. Mkubwa yeyote akipita aliona heshima. Hapo ndipo ujanja ulipokuwa, kama kweli ulikuwa ujanja.

Aliyeumia zaidi aliitwa Kabula. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Kamsamba, kule kwenye joto na mpunga. Kwao hawasalimiani hivyo. Alipoambiwa apige makofi, alipiga kama watu wote wanavyopiga, viganja vimenyooka, pa, pa, pa.

"We Mkamsamba, unampigia nani makofi, nimefunga goli?" Enesia alimuuliza, na tanki zima likacheka.

Akarudia. Wakacheka tena. Kila jioni alibaki wa mwisho kuinuka, maji yakawa yameisha, akaenda kulala bila kuoga, na darasani akaanza kuitwa Goli. Wiki ile aliyomsikia Madam akimsifu Enesia mstarini, Kabula alifunga sanduku lake akarudi kwao.

Madam aligundua kwa kusimama kwenye kona. Aliwasikia wasichana wawili wanacheka: "Goli ameondoka, sasa nani atafunga?" Akawauliza. Wakamweleza kwa hofu, mmoja analia. Siku hiyo alikuja nyumbani hajafungua hata mlango wake, akasimama kwenye wangu.

"Fundi, lile lori la mpunga unaloendaga nalo Kamsamba, linashuka lini?"

"Keshokutwa, Madam."

"Nafasi ipo?"

"Kwa nani?"

"Kwa mjinga," alisema, akaingia kwake.

Tulipitia Mlowo, tukateremka ule mteremko mpaka bondeni. Madam alikaa mbele kati yangu na dereva, mkoba kifuani, akivua sweta, kisha kitenge cha mabega, kisha kilemba, kadiri joto lilivyopanda. Dereva alimwambia, "Mama, ukifika Kamsamba utakuwa umebaki na nini?" Madam hakucheka. Njia nzima alikuwa na swali moja tu: mtoto akikataa kurudi, itakuwaje. Muhula ulikuwa unasonga. Mtoto asipoonekana muda mrefu anaandikwa mtoro, nafasi yake inapotea, na huko bondeni kazi ya kumshikilia haikosekani.

Sijasema kwamba aliogopa ng'ombe. Waliozoea kahawa na mahindi wanajua ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba. Pale tulipoelekezwa ng'ombe walikuwa wametanda njia yote, pembe kila upande, wanarudi kutoka kunywa maji. Madam alinishika mkono kwa kucha. "Usiniache," alisema. "Wakinisogelea nitapiga kelele, na usimwambie mtu." Tulipita katikati yao. Alifumba macho karibu njia yote.

Kabla hatujafika nyumbani kwao tulisikia sauti. Ilitoka kwenye majaruba ya mpunga, sauti kali ya kupasua mbingu, inayofukuza ndege wanaokula nafaka. Ndege waliruka kama blanketi lililokung'utwa. Madam alisimama.

"Ni nani yule?"

Alikuwa Kabula, amesimama juu ya kichuguu, kombeo mkononi. Alipotuona sauti ikakatika.

Mama yake alitupokea kivulini kwa maziwa ya mgando. Baba alikuwa mnadani. Mama alikuwa mtulivu, lakini hakuzunguka. "Mwalimu, karibu. Mwanangu ameniambia mliwapigia makofi waliokuwa wanamtesa. Nimekataa kuamini. Nakuuliza wewe."

Madam alimwangalia machoni. Angeweza kusema uongozi wa shule haukuwa na taarifa. Alisema, "Ni kweli, mama. Nilipita, nikaona, nikadhani ni heshima. Nikamsifu mtoto aliyekuwa anamtesa mwanao."

Mama akamwita Kabula aje akae.

"Nimekuja kukuomba urudi," Madam alimwambia.

Kabula alikuwa anavuta nyuzi za kombeo. Sauti ya kufukuza ndege haikuwepo tena, tulisogea ili tumsikie. "Nikirudi, wakaniambia chuchumaa, niseme nini?"

"Uje uniambie."

"Saa ya maji wewe unakuwa umeshaondoka, Madam. Unaenda kwako."

"Basi uje asubuhi."

"Na jioni hiyo nifanye nini?"

Mimi nimesikia walimu wengi wakiulizwa maswali. Wengi hujibu tu ili swali liishe. Madam aliweka bakuli la maziwa chini. "Sijui," alisema. "Kweli sijui. Nimekuwa mwalimu wa malezi miaka yote hii nikiwaambia watoto waje waniambie, sijawahi kufikiria ile jioni yenyewe. Rudi tukaitafute wote. Tukikosa, nitakuleta mwenyewe hapa, nipite tena kwenye wale ng'ombe."

Mama alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. "Mwalimu anaogopa ng'ombe?"

"Sana, mama."

Sijui kama ni hilo lililomshawishi Kabula. Lakini kesho yake lori lilipokuwa linajazwa magunia alikuja na sanduku. Njiani Madam alimuuliza, "Ile sauti ya ndege unaitoa wapi?" Kabula akasema, "Ile ni ya ndege tu, Madam." "Basi hiyo tuiweke akiba," Madam akasema. "Sasa tutafute ya watu."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama mstarini. Mkuu wa shule alimwambia mwalimu haombi radhi mbele ya wanafunzi, watampanda kichwani. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda akasema: "Wiki ile nilimsifu mtu kwa jambo nisilolielewa. Kumchuchumalisha mwenzako kwa nguvu si mila ya mtu yeyote. Nimekosea. Kuanzia leo nakaa hosteli mpaka maji yaishe kuchotwa." Na alikaa kweli, kwa kupokezana na matroni. Lakini alijua hawezi kukaa pembeni ya kila mtoto maisha yake yote, kwa hiyo akaanzisha somo la Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mbaya. Mimi nilikuwa kwenye baraza nagongelea madawati, nikamsikia anaandika ubaoni, anasoma alichoandika, anauliza wameelewa, wanajibu ndiyo kwa sauti ya usingizi. Akatoka nje, chaki mkononi. Chaki zake alizibana sana, alizitumia mpaka kucha zikakwaruza ubao.

"Fundi, unaweza kuwa mtu mbaya?"

"Kwa muda gani, Madam?"

"Mpaka kengele."

Ndivyo nilivyoingia darasani tena baada ya miaka yangu yote ya kuzurura, na nyundo mkononi, akaniambia niiache nje. Kazi yangu ilikuwa kuwaonea watoto mmoja mmoja mbele ya wenzao, nao wajibu. Nilisimama mlangoni, nikaweka mikono kiunoni, nikasema, "Wewe mwenye masikio, hupiti hapa mpaka unibebee begi." Darasa likaamka.

Kijana mmoja alinitukana tusi zito mpaka wenzake wakapiga meza. Madam alitikisa kichwa. "Mwangalieni fundi. Ameumia? Amefurahi! Alikuja kutafuta sinema, umemwonyesha bure." Msichana mwingine alijibu huku anaangalia viatu vyake, sauti haitoki. "Na wewe umemwomba radhi kwa kuwa na miguu," Madam alisema. "Nani mwingine?"

Hakuna aliyeinuka. Madam akakaa juu ya dawati, ambalo nilikuwa sijalimaliza, likayumba, akashuka haraka.

"Mko nyumbani, mnakula," alisema. "Chumvi iko mbali. Unasemaje?"

"Naomba chumvi," darasa likajibu.

"Unapiga kelele?"

"Hapana."

"Unalia?"

"Hapana."

"Unaeleza kwa nini unastahili chumvi?"

Wakacheka. "Hapana, Madam."

"Na inakuja?"

"Kwetu haiji mpaka baba amalize," akasema kijana wa nyuma, darasa likaanguka kicheko, na Madam akacheka kuliko wote.

"Kwenu niachie mimi na baba yako. Lakini mmeisikia sauti hiyo? Haiko juu, haiko chini. Mtu anasema anachotaka, halafu anangoja. Simama wima, mwangalie mtu, sema neno fupi moja. 'Sibebi.' 'Sitachuchumaa.' 'Niache nipite.' Akirudia, rudia lile lile. Usiongeze viungo."

Watu wa hosteli ile wanaiita mpaka leo sauti ya chumvi. Na alikuwa makini kuonyesha mahali inapokoma. "Mkono ukishainuliwa, au kuna jiwe, au wamekuzunguka, hakuna chumvi hapo. Ondoka, na toa ile sauti ya Kabula ya ndege mpaka Zambia wasikie." Kabula alizamisha uso kwenye mikono, lakini nilimwona anatabasamu. Akaombwa aitoe. Alikataa, wakamwomba, akaitoa. Mwalimu wa hesabu alitoka mbio ofisini akidhani nyoka ameingia.

Kwa waliokuwa wakitazama tu alikuwa na somo lao, na nadhani lilimgharimu fikra nyingi kuliko lile la chumvi. Hakuwataka wapigane. Hakutaka hata wamkemee mwonevu, maana wengi wasingethubutu. Alichotaka ni wasogee. Usogee usimame karibu na yule anayeonewa, umuulize jambo la kawaida kabisa, kama vile mwonevu hayupo: ndoo yako iko wapi, umemaliza zoezi, twende. "Mtu akionewa anahisi dunia yote imesimama upande wa pili," alisema. "Ukisogea hatua chache, imegawanyika."

Na kwa kutoa taarifa aliwafundisha waseme nani, wapi na nini. Mtoto akija na "wananionea" tu, alimpa maji, akangoja, akamuuliza taratibu mpaka neno hilo likafunguka. Alijifunga kujibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu lilikuwa "bado nashughulikia".

Niliifanya kazi ya ubaya Jumamosi nyingi. Nilikuwa naifurahia. Siku moja, baada ya kengele, watoto wametawanyika, akaniambia huku anafuta ubao, "Fundi, wewe unajua sana kuwa mbaya. Unajua hata mahali pa kusimama. Nani alikufundisha?"

Nikamwambia, "Kidato cha nne mmoja. Alikuwa na viatu vikubwa." Sikuwa nimewahi kumwambia mtu kwa nini niliacha shule. Watu hudhani ni karo au uvivu, nami nimewaacha wadhani.

Hakusema pole. Aliendelea kufuta ubao mpaka ukawa mweusi kabisa. Jumamosi iliyofuata, nilipokwenda kusimama mlangoni kama kawaida, alinisogeza. "Leo zamu yako kujibu." Akamchagua msichana mdogo kuliko wote aniambie nimbebee begi. Aliliinua begi lake mpaka kidevuni kwangu. "We mzee, beba!" Darasa lilicheka, na mimi nilitaka kucheka, nikakuta koo limeziba. Kweli liliziba. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu mbele ya mtoto mwenye soksi zilizoshuka. Nikamwangalia Madam. Alikuwa amesimama na kichwa upande mmoja, anangoja.

"Sibebi," nikasema. Ilitoka ndogo. Nikarudia, ikatoka vizuri kidogo. Watoto walipiga makofi, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Jioni ya Kabula ilikuja muda si mrefu baadaye. Nilikuwa kwenye ngazi natengeneza dirisha la jiko la hosteli, tanki liko chini yangu. Madam alikuwa ndani na matroni. Wadogo walikuwa wameanza kuchota wakiwa wamesimama tangu lile tangazo la mstarini, lakini Enesia alitaka kujua kama tangazo lina nguvu bado.

"We Goli," akasema, "mbona umesimama kama nguzo?"

Kabula aliweka ndoo chini. "Nimekuja kuchota maji, dada Enesia. Sitachuchumaa."

"Eti?"

"Nimekuja kuchota maji. Sitachuchumaa."

Sauti ilitetemeka. Wawili watatu walicheka. Enesia akasogea, na mimi nikashuka ngazi hatua moja, nikijua nikiingilia nitaharibu. Hapo msichana mdogo, yule yule wa begi, akatoka kwenye mstari akasimama karibu na Kabula. "Kabula, umeliona kopo langu?" akauliza. Kopo alikuwa amelishika. Mwingine akaja, "Kabula, nisogeze ndoo?" Na mwingine. Hawakumwangalia Enesia kabisa. Walijaa pale wakiongea mambo ya kopo na ndoo.

"Haya choteni basi, mnajaza kiwanja," Enesia akasema, akageuka.

Kabula alichota. Nusu ya maji ilimwagika njiani kwa haraka yake, na kesho yake ilibidi aseme tena, na wiki iliyofuata tena. Jina la Goli lilichukua muhula mzima kufa. Lakini sanduku lake lilibaki chini ya kitanda, na hilo ndilo Madam alilokuwa analichungulia kila asubuhi, kwa kisingizio cha kukagua usafi.

Enesia hakufukuzwa. Wapo walimu waliotaka achapwe mbele ya shule. Madam alimnyang'anya ukiranja, akamwita ofisini, akamwacha aongee. Alichosema Enesia, Madam alinisimulia kwa sauti ya chini: "Mimi nilichuchumaa mwaka mzima, Madam. Nilikuwa nasubiri zamu yangu. Sasa mmeifuta, na mwaka wangu nani atanirudishia?"

"Ulimjibuje?" nikauliza.

"Nilimwambia hakuna. Nilimwambia mimi nilipaswa kuwepo, na sikuwepo."

Baada ya hapo Enesia akaja Jumamosi, akachukua kazi yangu. Alikuwa mwonevu mzuri kuliko mimi, alijua kila kitu kutoka pande zote mbili. Kisha Madam akawageuza, akamweka Enesia mahali pa kujibu. Msichana yule aliyekuwa na maneno kwa kila mtu alisimama akafungua mdomo, akafunga. Mwishowe akasema, "Naomba chumvi," na watu walicheka, yeye kwanza, huku anafuta macho.

Niliondoka tena Tunduma, kama ninavyoondokaga. Nimekaa Zambia kidogo, nimekaa Mlowo. Mwaka huu nilipanda Itumba na mbao za kuezekea, na pale mbele ya ofisi za wilaya nikamwona amekaa kwenye ukuta mfupi, mguu mmoja ameunyoosha. Amehamishiwa shule moja kata ya Mbebe, huko juu kwenye baridi.

"Mulishani mukwai!" akapiga kelele kabla sijamfikia.

Alikuwa amepungua, na goti lilikuwa limegoma. "Linachagua siku za kufanya kazi," alisema, "kama wewe." Nikamuuliza kuhusu kwaya. "Huku sina mwenyekiti mwenye kilemba. Wanakwaya wa huku tunagombana waziwazi, kila mtu anasikia. Naimba mstari wa mbele, fundi. Jumapili ile ya kwanza niliomba tu."

"Kwa sauti gani?"

Alinipiga begani.

Alisema anamngoja mtu. Muda si muda akatokea msichana mrefu akivuka barabara, faili kwapani, gauni la kitenge. Alikuwa Kabula. Yuko kwenye mafunzo ya ualimu, amepangiwa shule ya msingi hapo karibu, na siku ambazo Madam anateremka kwa shughuli zake humsindikiza hadi stendi. Aliponiona alisema, "Shikamoo fundi, bado unaonea watu?" Kisha akamgeukia Madam. Akaweka faili chini kwenye vumbi, akakusanya gauni lake, akachuchumaa. Akakunja viganja kama anayekinga maji, akapiga makofi. Yalikuwa ya polepole, mazito, hayakupasuka hata moja.

Watu walipita. Walichokiona ni dada mwenye adabu anamsalimia mkubwa wake, wakaendelea na safari zao. Madam hakujibu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, vile vile.

"Kabula. Nani kakuambia uchuchumae?"

"Hakuna mtu, Madam."

"Na kukunja viganja hivyo?"

"Dada Enesia alinionyesha, kabla hajamaliza shule. Nilimwomba mwenyewe."

"Ulimwombaje?"

Kabula alicheka, bado yuko chini. "Kama chumvi, Madam. Lakini jibu basi, miguu inakufa ganzi."

Madam alinishika bega, akaanza kuteremka. Nilimwambia goti, aketi tu ajibu kwa mdomo. "Nyamaza wewe," alisema. Alishuka kidogo kidogo, goti likalia, mpaka viganja vyake vikawa sawa na vya Kabula, akapiga makofi yake. Halafu akabaki pale pale, hawezi kuinuka, anacheka, na ikabidi Kabula ashike mkono mmoja na mimi mwingine.